Kitabu Gani Kimfae Mwenye Biashara?



Sasa unajua kusoma. Unasoma barua ya mtoto wako aliye mbali. Unasoma kibao cha zahanati na jina la basi. Hongera. Lakini kusoma ni kama jembe. Jembe lisilolimiwa hupata kutu. Nimewaona watu waliopata cheti cha kisomo, wakaweka vitabu vyao darini, na baada ya miaka michache wakarudi kwenye dole gumba.

Mimi ni mfanyakazi wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yangu yako katika vijiji vya Muheza, mkoa wa Tanga. Huku kwetu watu wanauza machungwa, mihogo, maandazi, mkaa na nguo za mitumba. Darasa likifika mwisho, wanadarasa huniuliza swali lile lile. Husema, "Mwalimu, kusoma tumejua. Sasa tupe kitabu cha kutusaidia katika biashara."

Swali hilo ni zuri. Nitalijibu kwa kukutajia vitabu vichache ninavyovipenda. Vingine havikuandikwa kwa ajili ya biashara. Kimoja ni mchezo wa kuigiza. Kimoja ni habari za maisha ya mwimbaji. Usishangae. Twende pamoja, nitakuonyesha kila kimoja kina faida gani.

Kwanza, kitabu nisichokupendekezea

Ukishuka katika kituo chochote kikubwa cha mabasi, utawakuta vijana wakiuza vijitabu vyenye picha za rangi. Juu ya kimoja imeandikwa kwamba utatajirika kwa siku tisini. Juu ya kingine imeandikwa kwamba siri za matajiri zimefichuliwa.

Mimi nilinunua kimoja. Wakati huo nilikuwa nimefungua kibanda cha kuuza sukari, sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Kijitabu kile kiliniambia niamke alfajiri, nijitazame kwenye kioo, na nijiambie kwa sauti kwamba mimi ni tajiri. Basi nikaamka alfajiri. Nikajitazama. Nikasema. Mwezi wa saba kibanda kikafa.

Kwa nini kilikufa? Nilikuwa nachukua sukari ya nyumbani bila kuandika. Nilikuwa nawakopesha rafiki zangu bila kuandika. Fedha ya mauzo na fedha ya mfukoni zilikaa pamoja. Siku ya kufunga, rafu zilikuwa tupu na kopo la fedha lilikuwa tupu, nami sikuweza kusema fedha ilikwenda wapi. Mke wangu aliweza kusema kidogo. Yeye alikuwa akihesabu vikombe vya sukari kimyakimya.

Sisemi kwamba vijitabu vyote vya kituoni ni vibaya. Ila kabla hujatoa fedha yako, kifungue katikati. Soma ukurasa mmoja pale pale umesimama. Je, kuna jambo unaloweza kulifanya kesho asubuhi kwa mikono yako? Je, kuna hesabu? Je, kuna mtu aliyefanya kazi fulani mahali fulani, na yameelezwa aliyoyafanya? Kama ukurasa mzima umejaa ahadi tu, kirudishe. Muuzaji atanuna, lakini fedha ni yako.

Mabepari wa Venisi

Kitabu cha kwanza ninachokupendekezea kiliandikwa Uingereza zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mwandishi wake ni Shakespeare. Mwalimu Julius Nyerere alikitafsiri kwa Kiswahili, nacho kilichapishwa mwaka 1969. Alikuwa Rais wa nchi, mwenye kazi nyingi, na bado alipata muda wa kukaa na kitabu na kamusi. Wewe nawe utapata.

Jina la kitabu kwa Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja tu wa mji wa Venisi, huko Italia. Mwalimu Nyerere yeye aliandika "mabepari". Neno hilo peke yake lilionyesha aliwaonaje watu wale.

Habari yenyewe ni hii. Antonio ni mfanyabiashara mkubwa. Ana merikebu kadhaa zinazopeleka na kuleta bidhaa nchi za mbali. Rafiki yake Bassanio anataka fedha za safari ya kwenda kumposa Portia, mwanamke tajiri. Antonio hana fedha mkononi. Mali yake yote iko baharini. Basi anakwenda kwa mkopeshaji aitwaye Shylock, anakopa dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Dukati ni sarafu ya huko ya zamani.

Shylock hataki riba. Anasema, kama mzaha, kwamba Antonio asipolipa kwa siku ile, yeye Shylock atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Bassanio anaogopa, anamzuia rafiki yake. Antonio hasikii. Anasema merikebu zake zitafika katika miezi miwili, mwezi mzima kabla ya siku ya kulipa, tena zitaleta mali mara tisa ya deni. Anatia sahihi.

Kisha zinakuja habari kwamba merikebu zimepotea. Miezi mitatu inakwisha. Shylock anakwenda mahakamani na karatasi yake mkononi. Anataka nyama. Anaambiwa apokee dukati 6,000, mara mbili ya deni, naye anakataa.

Nimelisoma jambo hili na madarasa matatu. Hatusomi kimya. Mmoja anakuwa Antonio, mmoja Shylock, mmoja Portia. Watu hucheka, kisha hunyamaza.

Katika darasa moja alikuwapo mama mmoja mwenye umri wa kunizaa. Tulipofika pale Antonio anapotia sahihi, aliinua mkono.

"Mwalimu," alisema, "huyu Antonio mbona ni mimi?"

"Kwa vipi, mama?"

"Mimi nami niliweka dole gumba nikicheka."

Akatusimulia. Jirani yake alikwenda kukopa shilingi 400,000 kwa mkopeshaji. Akamwomba mama huyu amsindikize. Huko akaletewa karatasi. Akaambiwa, "Weka dole hapa, mama, ni ushahidi tu." Wakati ule alikuwa bado hajajua kusoma. Akaona aibu kuuliza. Wino ulimchafua kidole, jirani akamtania, wote wakacheka. Miezi mitano baadaye jirani akahama kijiji usiku. Mkopeshaji akaja kwa mama. Karatasi haikuwa na neno ushahidi. Ilikuwa na neno mdhamini. Mama akapoteza mbuzi wawili na cherehani aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Darasa lilinyamaza. Kisha mzee mmoja akauliza, "Hivi shahidi na mdhamini ni mbalimbali?"

Naam, ni mbalimbali, na tofauti yake ni mbuzi wawili na cherehani. Shahidi ni mtu anayesema, "Nimeona watu hawa wakipatana." Mdhamini ni mtu anayesema, "Huyu asipolipa, nitalipa mimi." Neno moja katika karatasi linaweza kuchukua mali ya nyumba nzima. Siku ile tuliandika maneno haya ubaoni tukayasoma kwa sauti: mkopo, riba, rehani, mdhamini, shahidi. Rehani ni mali unayoiweka ili ichukuliwe kama hukulipa. Riba ni nyongeza juu ya fedha uliyokopa. Wewe nawe yaandike katika daftari lako.

Tulizungumza pia juu ya Antonio. Mzee yule yule alisema kwamba mtu huyu alifanya jambo moja zuri na moja baya. Zuri ni kwamba hakuweka mali yake yote katika merikebu moja. Baya ni kwamba zote zilikuwa majini kwa wakati mmoja, na nyumbani hakubakiza kitu. Mwisho wa mchezo, merikebu zake tatu zinafika salama. Mali ilikuwapo. Ila siku ya kulipa ilikuwa imekwisha kupita. Sisi wakulima tunalijua hilo. Machungwa yapo mtini, lakini ada ya shule inatakiwa leo.

Na Antonio alipona vipi? Portia alivaa nguo za mwanasheria akaingia mahakamani. Aliisoma ile karatasi neno kwa neno. Karatasi ilitaja nyama. Haikutaja damu. Basi akamwambia Shylock akate nyama yake, lakini asimwage hata tone moja la damu. Shylock akashindwa. Tazama, hakuna aliyepigana. Mtu mmoja alisoma vizuri kuliko wengine, basi.

Nikuonye jambo moja. Katika kitabu hiki Shylock anatukanwa sana kwa sababu yeye ni Myahudi. Watu wa Venisi wanamtemea mate, na baadaye wanataka awahurumie. Msikilize naye anapouliza kama yeye si mtu kama wao. Darasa langu moja lilibishana saa nzima juu ya Shylock, na nusu ya darasa walikuwa upande wake. Hapo ndipo unapojua kitabu ni kizuri.

Kiswahili cha kitabu hiki si chepesi. Yako maneno magumu, tena yamepangwa kama mashairi. Usikimbie. Soma ukurasa mmoja kwa siku. Soma na jirani. Neno usilolijua lipigie mstari kwa kalamu ya risasi, umwulize mwalimu. Ila kama kitabu ni cha maktaba, usikipigie mstari. Andika neno lile pembeni, katika daftari lako.

Mwuza vyungu wa Fumba

Kitabu cha pili ni Wasifu wa Siti binti Saad, kilichoandikwa na Shaaban Robert. Wasifu ni habari za maisha ya mtu.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa maskini. Walifinyanga vyungu na kulima. Siti naye alifinyanga, kisha akavibeba kichwani akavitembeza kuuza. Alinadi kwa sauti. Watu walivisikia vyungu vyake kabla ya kuviona. Hakuwa amepelekwa shule.

Baadaye alihamia mjini Zanzibar, akajifunza kuimba pamoja na wapigaji wa ala. Mwaka 1928 alisafiri na kundi lake mpaka Bombay, huko India, mji ambao siku hizi unaitwa Mumbai. Huko nyimbo zake zilitiwa katika sahani za santuri, na sahani hizo zikauzwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1950.

Kwa nini nakupa habari za mwimbaji, nawe unataka kuuza mihogo? Kwa sababu nataka umtazame alipokuwa na chungu kichwani. Wauza vyungu walikuwa wengi. Vyungu vinafanana. Yeye alikuwa na sauti, akaitumia hapo hapo, katika kazi aliyokuwa nayo. Hakungoja kwanza awe mtu mkubwa.

Tena ziko habari za dharau. Walikuwapo watu wa mjini waliomcheka kwamba ametoka shamba, mwana wa wafinyanzi. Yeye alijibu kwa kuimba. Nimewaona akina mama wa madarasa yangu wakisoma sehemu hiyo mara mbili. Mwanamke anayeanza biashara kijijini husemwa. Husemwa na wifi, husemwa na jirani, mara nyingine husemwa na mume. Kitabu hiki hakitawanyamazisha watu hao, lakini utaona kwamba hukuanza wewe kusemwa.

Maana kitabu si kirefu, mtu aliyemaliza kisomo hatua ya nne anaweza kukimaliza kwa wiki mbili.

Shaaban Robert na vitabu vyake vingine

Mwandishi huyu ni mtu wa kwetu. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na mji wa Tanga, akafariki mwaka 1962. Alikuwa karani wa forodha, tangu mwaka 1926 mpaka mwaka 1944, na baadaye karani katika idara nyingine za serikali ya wakoloni. Hakuwa mtu wa chuo kikuu. Vitabu vyake vingi aliviandika akiwa na kazi ya ofisi ya kufanya na nyumba ya kulisha. Habari hizo utazipata katika kitabu chake kiitwacho Maisha Yangu. Kisome kama umefiwa, au kama umehamishwa mahali usipopajua, au kama mkuu wako wa kazi hakuthamini. Yeye aliyaona yote hayo.

Kwa wale mnaotaka kufanya biashara na ndugu, someni Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Ni hadithi yenye majini na manyani, hata watoto wataipenda. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Ndugu hao wanasafiri kwa biashara, wanarudi mikono mitupu, na Adili anawagawia mali yake. Mwisho wanamtosa baharini kwa wivu. Someni, kisha mzungumze kabla ya kuchanga mtaji: nani atashika fedha, nani ataandika, na mmoja akila fedha itakuwaje. Ni afadhali kuzungumza hayo mkiwa bado mnapendana.

Fungu moja katika mafungu kumi

Kuna kitabu cha Marekani juu ya tajiri wa Babeli, mji wa zamani ulioko katika nchi iitwayo sasa Iraki. Mwandishi wake ni George Clason. Kilitoka mwaka 1926. Kwanza kilikuwa vijitabu vidogo vidogo, na mabenki na makampuni ya bima yalivigawa kwa wateja. Bila shaka mabenki yalikuwa na sababu zao.

Fundisho lake kubwa ni fupi. Katika kila fedha unayopata, weka kwanza fungu moja katika mafungu kumi kabla hujatumia chochote. Ukipata shilingi 10,000, weka 1,000. Ukipata 2,000, weka 200. Watu wengi hufanya kinyume. Hutumia kwanza, kisha hungoja kuona kitakachobaki. Nacho hakibaki.

Mimi nakubaliana na fundisho hilo, ila lina shida kwa mkulima. Clason anamsemea mtu anayepata mshahara. Mkulima wa machungwa hupata fedha nyingi kwa wakati mmoja, kisha hukaa miezi bila kitu. Kwa mkulima fungu moja halitoshi. Siku ya kuuza mazao, gawa fedha kwa miezi iliyobaki mpaka mavuno mengine. Umepata shilingi 960,000, na mavuno mengine yako mbali miezi 8. Basi kila mwezi una shilingi 120,000, hata kama siku hiyo mfuko wako umejaa. Waambie watu wa nyumbani hesabu hiyo. Ukiificha, kila mtu atakuja na shida yake katika wiki ya kwanza.

Kitabu unachokiandika mwenyewe

Sasa nafika kwenye kitabu ninachokipenda kuliko vyote. Hakiuzwi na mwandishi yeyote. Unanunua daftari tupu la kurasa 48, na unakiandika wewe. Hili ni daftari la biashara. Kama ningekuwa nalo katika kibanda changu, labda leo ningekuwa nakuandikia haya nikiwa dukani.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza maandazi. Tuseme kwa siku moja ametumia hivi:

Unga kilo 2, shilingi 4,000
Sukari robo kilo, shilingi 800
Mafuta, shilingi 1,500
Kuni, shilingi 1,000
Hamira, shilingi 200
Jumla, shilingi 7,500

Amepika maandazi 60. Anauza andazi moja kwa shilingi 200. Kama yote yangeuzwa, angepata shilingi 12,000, na faida yake ingekuwa shilingi 4,500.

Jioni ana shilingi 10,000 mkononi. Anafurahi. Anasema, "Leo nimepata elfu kumi." Ngoja kidogo, mama. Hukupata elfu kumi. Katika hizo, 7,500 ni mtaji. Ni unga wa kesho, na mafuta ya kesho. Faida iliyo mkononi ni 2,500 tu. Ukinunua kitenge kwa elfu kumi hizo, umevaa unga wako.

Na zile 2,000 nyingine ziko wapi? Ukiandika utaziona. Maandazi 50 yameuzwa kwa fedha taslimu. Maandazi 4 amekopeshwa fundi baiskeli, shilingi 800. Maandazi 6 wamekula watoto asubuhi, shilingi 1,200.

Mimi sisemi watoto wasile. Watoto ni wako, na maandazi ni yako. Ila andika. Watoto wakila maandazi 6 kila siku kwa siku 6, ni shilingi 7,200. Hiyo ni karibu sawa na mtaji wa siku nzima. Ukijua hivyo, unaweza kupika maandazi 66, au kuwapikia uji, au kuamua kwamba ni sawa kama ilivyo. Uamuzi ni wako, lakini uwe uamuzi. Usiwe kama mimi, ambaye sukari ilikwenda nikiwa nimesimama pale pale.

Jinsi ya kuandika ni rahisi. Piga mistari ukurasa uwe na sehemu tano. Ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni maelezo. Ya tatu ni fedha iliyoingia. Ya nne ni fedha iliyotoka. Ya tano ni fedha iliyobaki. Andika kila jioni kabla ya kulala. Kesho utakuwa umesahau. Madeni yaandike upande wa nyuma wa daftari: jina la aliyekopa, kitu alichokopa, bei, na siku aliyoahidi kulipa. Mwombe aone unapoandika. Mtu akiona jina lake limeandikwa, hulikumbuka deni mwenyewe.

Mama yule wa mbuzi wawili sasa anauza maandazi na chai karibu na shule. Ana madaftari manne yaliyojaa, ameyafunga kwa uzi. Mwaka jana mkopeshaji mwingine alimjia akamwambia achukue shilingi 200,000, atarudisha shilingi 15,000 kila wiki kwa wiki 20. Wengine waliona 15,000 ni ndogo, wakachukua. Yeye alifungua daftari akapiga hesabu: 15,000 mara 20 ni 300,000. Kisha akatazama faida yake ya wiki. Baadhi ya wiki ilikuwa chini ya 15,000. Akamwambia yule kijana, "Asante mwanangu, kunywa chai uende." Na chai ile akaiandika.

Vitabu utavipata wapi?

Vitabu vya Shaaban Robert vimechapwa upya na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Maduka ya vitabu mjini yanaweza kukuagizia. Kama huna fedha ya kununua, nenda Maktaba ya Mkoa, au mwulize mwalimu mkuu wa sekondari iliyo karibu nawe. Baadhi ya vitabu hivi hutumika shuleni. Watu kumi mkichanga, mnaweza kununua kitabu kimoja mkasomeana. Katika miaka ya 1970 watu walisoma hivyo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa vikundi vikundi chini ya miti, wakasikiliza redio, wakasomeana kijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wengi wao walikuwa wamejifunza kusoma karibuni tu, kama wewe.

Mzungumze darasani

Soma karatasi hii kwa sauti. Nimeitunga mimi, lakini inafanana na nilizoziona.

"Mimi mwenye shamba nimepokea shilingi 300,000 leo. Nimemuuzia mnunuzi machungwa yangu. Atayachuma yakiiva. Fedha iliyobaki atanilipa akishauza."

Sasa jibuni. Ni machungwa ya miti mingapi? Fedha iliyobaki ni kiasi gani? "Akishauza" ni tarehe ipi, na asipouza je? Nani atawalipa wachumaji? Yakichelewa kuchumwa yakaoza mtini, hasara ni ya nani? Shahidi yuko wapi?

Mkimaliza kuzungumza, kila mmoja aiandike upya karatasi hii katika daftari lake, jinsi ambavyo yeye mwenyewe angekubali kuitia sahihi. Mwalimu asiwaandikie.